Mswaki wa kichakani: namna ya kuutambua, kuuchimba na kuutumia bila kuumiza fizi

Siku hizi ukiagiza mswaki unaletewa plastiki yenye nyuzi za nailoni. Jina limehama, mwenyewe kabaki porini. Mti wenye jina hilo bado umejaa kingo za Mto Tana, Turkana, Garissa, Tsavo na Amboseli, na upande wa Tanzania utaukuta Mkomazi. Lakini wengi tunaopiga mswaki tangu utotoni hatujawahi kuuona ukiwa umesimama na majani yake. Tunakijua kijiti tu, kikiwa kimefungwa mafungu mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, kimeshakauka na rangi yake imekuwa kama ya mdalasini.

Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nililelewa Mombasa, kazi ikanipeleka Garissa, na huko mzee mmoja mfugaji wa ngamia akanicheka mbele za watu. Alinitazama nikikwangua meno na kijiti changu cha kununua, akasema, "Adeer, hicho ulichoshika ni kuni." Wasomali humwita mtu mzima adeer, yaani ami, na mzee naye humrudishia kijana neno hilo hilo, kwa hiyo sikujua kama nimeheshimiwa au nimetukanwa. Kesho yake alfajiri alinichukua hadi kwenye vichaka karibu na mto, akachimba mzizi, akaukata, akanipa. Niliutafuna nikatokwa na machozi. Ulikuwa mkali kama haradali.

Ule ukali ndio dawa. Kijiti kisichowasha ulimi ni brashi tu, hakina tofauti na tawi lolote lenye nyuzi. Hatua zote ninazoeleza hapa chini zina shabaha mbili: kuulinda ukali huo usipotee kabla haujafika mdomoni, na kuzuia mkono wako usigeuze mswaki kuwa msumeno.

Kwanza tumjue tunayemtafuta

Wataalamu huuita Salvadora persica. Salvadora ni heshima aliyopewa Juan Salvador, muuza dawa wa Barcelona wa karne ya 17, na persica ni kwa sababu sampuli iliyotumika kuuelezea ilitoka Uajemi. Waarabu huuita arak, na kijiti chake siwaki, ndiko neno letu lilikotoka. Wasomali husema cadey (hiyo c hutamkwa kama ain), Waborana adde, Waturkana husema esekon, Wasamburu sokotei na Wamaasai oremit. Yashike majina haya. Ukifika mahali usipopajua na kuuliza "mswaki uko wapi?" utaelekezwa dukani.

Jambo lililonishangaza zaidi ni ukoo wake. Mswaki uko katika oda moja, yaani kundi moja kubwa la mimea, na mpapai, mlonge, kabichi na sukuma wiki. Ukishatafuna mbegu ya papai ukahisi ule mwasho unaopanda puani, au ukaonja mzizi wa mlonge, basi umeshauonja mswaki kwa mbali. Kemikali yenye ukali huo inaitwa benzili isothiosianeti, na mbegu za papai zinayo pia. Ndani ya mzizi haipo ikiwa tayari. Malighafi yake imehifadhiwa upande mmoja na kimeng'enya upande mwingine, na vinakutana pale tu seli zinapopasuliwa, yaani unapotafuna. Mwaka 2011 watafiti wa taasisi ya Karolinska, Uswidi, walichapisha matokeo ya maabara yaliyoonyesha kwamba kemikali hii ya mizizi ya mswaki inaua vikali aina ya bakteria wanaohusishwa na maradhi ya fizi. Ni kemikali inayoruka hewani upesi. Kwa hiyo kijiti kilichokaa miezi juani kimebaki na nyuzi na chumvi chumvi, mkali wake ameshaondoka.

Hatua ya 1: Utambue ukiwa umesimama

Usitafute mti mrefu. Ni kichaka kinachojikunja chenyewe, matawi yananing'inia hadi kugusa chini, kwa mbali kinafanana na kuba la nyasi mbichi katikati ya ardhi iliyoungua. Mara chache hupanda kuwa mti mdogo wa mita sita au saba wenye shina lililopinda. Wakati wa kiangazi ndiyo rahisi kuupata: kila kitu kimekauka, wenyewe uko kijani.

Sogea. Majani yanakaa mawili mawili yakitazamana kwenye kitawi, yana urefu wa sentimita tatu hadi saba, mazito kidogo kwa sababu yamebeba maji, rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Vitawi vina gome jeupe jeupe la kijivu. Miiba hakuna, na hili ni muhimu, kwa kuwa ndugu yake mmoja, Azima tetracantha, huota sehemu zile zile, naye ana majani ya kutazamana, lakini ana miiba minne kila kifundo. Ukichomwa, si mwenyewe.

Halafu vunja jani moja ulisugue viganjani na unuse. Litakupa harufu ya kabichi mbichi au haradali. Kukiwa na matunda utayaona katika vishada, madogo, makubwa kidogo kuliko punje ya pilipili manga, yameanzia waridi yakaelekea wekundu wa kukolea. Yanalika. Yana utamu kwanza, kisha yanachoma ulimi. Watoto wa Turkana huyachuma kwa mikono miwili, nasi wageni huishia kuchuma matano tukatosheka.

Kipimo cha mwisho ni utomvu. Mswaki ukikatwa hautoi maziwa. Tawi lolote linalotoa utomvu mweupe, kama la mnyaa, usilitie mdomoni hata kama muuzaji ameapa. Na oleanda, ule ua mzuri wa waridi au mweupe unaopandwa kwenye nyua za mijini, matawi yake ni marefu na yamenyooka kiasi cha kumshawishi mtu kuyatafuna. Ni sumu ya moyo.

Hatua ya 2: Pa kuchimba

Ndani ya hifadhi za wanyama usiguse. Amboseli na Tsavo vichaka hivi ni maficho na chakula cha tembo, na sheria ya hifadhi hairuhusu kuondoka hata na kitawi. Nje ya hifadhi, ardhi nyingi ya ukame ni ya jamii, na kichaka unachokiona hakina mwenyewe kina wazee wake. Uliza kwanza. Mimi sijawahi kukataliwa, ila nimewahi kuelekezwa kichaka kingine kwa sababu kile nilichokiona ndicho kivuli cha ndama wa ngamia.

Epuka vichaka vilivyo karibu na mji. Hivyo ndivyo vinavyochimbwa na kila mtu, na utaona vingine vimening'inia mizizi ikiwa nje kama miguu ya kaa. Epuka pia kando ya barabara kuu na jalala.

Kuna shida nyingine kwenye kingo za mito ambayo haihusiani na wachimbaji, nayo ni mathenge. Mti huu wa kuletwa, Prosopis juliflora, umevamia Baringo, Turkana, Garissa na Tana, na unasongamana kwenye ardhi ile ile yenye maji ya chini ambayo mswaki unaipenda. Mtakumbuka Wailchamus wa Baringo waliompeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi kuonyesha jinsi maganda ya mathenge yalivyommaliza meno. Kichaka cha meno kinafukuzwa na mti unaong'oa meno. Sikuweza kuupita huo bila kuutaja.

Hatua ya 3: Chimba mzizi wa pembeni, au kata tawi

Beba sururu ndogo au mtaimbo, kisu kikali na chupa ya maji. Kabla hujainama, piga piga kichaka kwa fimbo. Kivuli kile hukipendi peke yako, na nge na nyoka nao wamekipenda.

Simama hatua moja na nusu kutoka shinani. Mzizi mkuu unaokwenda chini huutaki: ni mgumu, na ukiukata umeua kichaka. Unatafuta ile inayotambaa pembeni, kina cha kiganja hadi kiwiko. Fukua taratibu kwa kuelekea nje, si kwa kuelekea shina. Ukipata mzizi wenye unene wa kidole cha mwisho, takriban sentimita moja, fuata urefu wake, uukate mara mbili kwa kisu, huku na huku. Usiuvute. Mimi siku ya kwanza niliuvuta kwa mikono miwili na mzee akaniuliza kama nimeona mkia wa punda. Ukiuvuta unapasua gome la mizizi mingine ambayo hukuihitaji.

Mzizi mmoja au miwili kwa kichaka, upande mmoja tu. Rudisha udongo, ukanyage, umwagie maji uliyobakiza. Mzizi mmoja wa mita moja unakupa vijiti vitano vya shibiri, navyo ni vya mwezi mzima na zaidi.

Kama ni kwa matumizi yako na huuzi, nina maoni kwamba tawi linatosha. Wapenzi wa mzizi watapinga, na kweli mzizi ni laini zaidi na mkali zaidi. Lakini mswaki ukikatwa tawi huchipua upya vizuri, wakati mzizi haurudi upesi. Chagua tawi bichi la unene ule ule wa kidole cha mwisho, lisilo na kifundo kila inchi. Nikiwa safarini nakata tawi. Mzizi naununua kwa mtu ninayemwamini, mara chache, kama mtu anavyonunua asali.

Hatua ya 4: Kata, osha, hifadhi

Kata vipande vya shibiri moja, yaani sentimita 15 hadi 20. Osha mchanga kwa maji safi, futa, acha vipepewe kivulini saa chache hadi unyevu wa nje uishe. Gome usilitoe. Ndilo kifuniko, na ndilo lenye sehemu kubwa ya dawa.

Makosa mawili hufanyika hapa. La kwanza ni kuvianika juani "vikauke vizuri". La pili ni kuvifunga vikiwa vibichi ndani ya mfuko wa plastiki usiopumua: siku ya nne vina ukungu mweusi kwenye ncha, na kijiti chenye ukungu hakioshwi, kinatupwa. Njia inayonifaa ni kuvizungushia kitambaa cha pamba chenye unyevu mdogo, kisha navitia kwenye mfuko wa karatasi, chini ya friji. Bila friji, vifungie kitambaa na uviweke karibu na mtungi wa maji, uvitumie ndani ya wiki mbili tatu.

Ukinunua, fanya majaribio matatu hapo hapo mbele ya muuzaji. Kikunje kidogo: kinapaswa kupinda kabla ya kulia. Kwaruza gome kwa ukucha unuse: haradali ipo au haipo. Tazama ncha: ziwe na rangi ya krimu, zikiwa za kijivu na nyufa, kimezeeka. Vile vilivyofungwa kwa plastiki bila hewa huwa vinabaki na unyevu, ila navyo vikague ukungu.

Hatua ya 5: Tengeneza kichwa

Menya gome kwenye ncha moja tu, sentimita moja, upana wa ukucha wa kidole gumba. Wengi humenya mara mbili ya hapo, na ndiyo maana nyuzi zao zinakuwa ndefu, zinalala, hazisafishi kitu. Weka ncha kwenye magego na uitafune polepole huku ukiizungusha. Mara ya kwanza itakujaza mate na ukali. Mate hayo yateme, si kwa sababu ni sumu bali kwa sababu yana vumbi la mbao. Ndani ya dakika moja au mbili nyuzi zitaachana.

Kijiti kikavu kitie ncha yake kwenye maji nusu saa kwanza. Usikilaze majini usiku kucha, kwani dawa yote itabaki kikombeni na asubuhi utapiga mswaki na masalia.

Kichwa kizuri kikoje? Kibonyeze kwenye ngozi ya ndani ya mkono, pale karibu na kifundo cha mkono, ukisugue. Kama kinakuacha na michirizi myeupe, kitafune zaidi. Kama kinateleza kama brashi ya rangi ya kupakia, kiko tayari.

Hatua ya 6: Kupiga mswaki wenyewe

Nilitumia mswaki miaka mitatu kwa furaha kabla daktari wa meno hajanionyesha kwa kioo kidogo mahali ambapo fizi ya jino langu la chonge, upande wa kushoto juu, ilikuwa imepanda na kuacha shingo ya jino wazi. Aliniuliza, "Unasuguaje?" Nikamwonyesha: kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayekata ubao. Mimi natumia mkono wa kulia, na kwa anayetumia mkono wa kulia chonge la kushoto ndilo linalopigwa na nguvu yote. Watafiti waliowachunguza watumiaji wa mswaki wameona jambo hilo hilo: kushuka kwa fizi hutokea zaidi, na sababu inayotajwa ni namna ya kusugua. Kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Shika kijiti kama kalamu, kwa vidole vitatu, usikikumbatie kwa ngumi. Kalamu haina nguvu nyingi, na hiyo ndiyo faida yake. Weka nyuzi pale fizi inapokutana na jino, kisha vuta kuelekea ncha ya jino: meno ya juu unashuka, ya chini unapanda. Nyanyua, rudi mwanzo, vuta tena. Jino moja mara tano sita. Kamwe usirudishe ukiwa umegusa fizi. Juu ya magego, pale pa kutafunia, unaweza kusugua mbele na nyuma utakavyo, hapo hakuna fizi ya kuumiza.

Ndani ya meno, upande wa ulimi, ndipo mswaki unaposhindwa na plastiki, tuseme ukweli. Kichwa cha plastiki kimekaa pembeni ya mpini, cha mswaki kiko mbele yake kama cha penseli, kwa hiyo hakifiki nyuma ya magego. Suluhisho ni kukunja. Chovya kichwa, kisha kikandamize kwenye ukuta safi wa beseni hadi nyuzi zipinde upande mmoja kama ndoano. Baada ya hapo fungua mdomo nusu, si wote, ili shavu lilegee, na uingie. Kijiti chembamba kinafanya kazi hii vizuri kuliko kinene. Mimi nina viwili, kinene cha mbele na chembamba cha nyuma. Katikati ya meno pitisha uzi wa meno, kwani hakuna kijiti kinachofika huko.

Malizia ulimi kwa nyuzi hizo hizo, kwa wepesi. Kazi yote ni dakika tatu nne. Fizi zikitoka damu siku mbili za kwanza inaweza kuwa ni uvimbe uliokuwepo. Zikiendelea baada ya wiki, nenda kwa daktari.

Suuza kichwa, kikung'ute, kisimamishe kikiangalia juu mahali penye hewa. Mfuko wa shati pamoja na noti na funguo si mahali pake, ingawa ndipo kinapokaa kwa wengi wetu. Kila siku moja au mbili, nyuzi zikishalegea na ladha ikaisha, kata kile kichwa chote kwa kisu na umenye kipya. Hakuna kuazimana, hata mume na mke.

Wanaofunga Ramadhani huuliza. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani, kupiga mswaki ukiwa umefunga baada ya jua kupinduka kunachukuliwa kuwa makuruhi, yaani jambo lisilopendeza ingawa si haramu, wakati madhehebu mengine hayaoni tatizo. Kijiti kibichi chenye ladha kali kina mjadala wake. Muulize shehe wako, mimi ni mtu wa fizi.

Maji ya kusukutua

Kwa wazee wasio na meno ya kutafunia, au mtu aliyeng'oa jino na hawezi kusugua. Katakata kipande cha nusu shibiri cha mzizi mbichi, ukiponde kwenye kinu kidogo hadi harufu ipande, ukitie kwenye kikombe cha maji safi yaliyochemshwa na kupoa kabisa. Funika. Subiri saa moja, chuja kwa kitambaa, sukutua nusu dakika, tema. Yaliyobaki jioni yamwage.

Wengi huuchemsha mzizi, na kwa dawa hii ni kosa. Moto unakiharibu kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na ukali kidogo uliotoka unaruka na mvuke. Utapata maji ya kahawia yenye uchungu wa tanini, yanayokaza fizi kidogo, basi. Na aliyeng'oa jino asisukutue kabisa siku ya kwanza, atalitoa donge la damu linaloziba shimo.

Matumizi mengine ya kienyeji

Mswaki ni zaidi ya meno kwa watu wanaoishi nao. Majani huliwa na ngamia na mbuzi wakati hakuna kingine, na wafugaji watakuambia maziwa ya ngamia aliyekula mswaki wanayajua kwa ladha. Huko karibu na Ziwa Chad watu walikuwa wakichoma matawi yake na kuchuja majivu kupata chumvi ya kula, kwa kuwa kichaka hiki hunyonya chumvi ya ardhini na kuishi nayo.

Kama dawa, majani huchemshwa kwa kikohozi, hupondwa na kupashwa moto yakafungwa juu ya viungo vinavyouma, na mizizi hunywewa kwa maumivu ya tumbo na hata kisonono. Ya kikohozi na viungo sina ugomvi nayo. Ya kisonono nina ugomvi mkubwa: ni ugonjwa unaotibiwa kwa antibayotiki, na anayekunywa mizizi huku dalili zikipungua zenyewe anaendelea kuambukiza. Gome bichi la mzizi lililopondwa halifai kufungwa kwenye ngozi, kwani linababua na kutoa malengelenge. Kuna wanaolitumia kwa makusudi hayo hayo, na nimeona mguu wa mtu aliyelisahau usiku kucha.

Mjamzito asinywe dawa ya mizizi. Kienyeji yenyewe inasemekana huleta hedhi, na majaribio kwa panya yameonyesha dalili za kuathiri uzazi. Kupiga mswaki na kutema ni jambo tofauti na kunywa kikombe.

Kuhusu yale ambayo haufanyi. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi ya mswaki mwaka 1986 pale ambapo watu wameuzoea, na mwaka 2000 ripoti ya makubaliano ya kimataifa kuhusu usafi wa kinywa ikasema utafiti zaidi unahitajika. Kijiti kina floridi lakini ni kidogo mno kumkinga mtoto anayekula peremende, kwa hiyo mtoto apate pia dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele au njegere kwa umri wake. Na kuna wale wenye meno ya kahawia yenye mabaka waliokulia sehemu za Bonde la Ufa, au Maji ya Chai kule Arusha, wanaonunua mswaki ili meno yawe meupe. Hiyo rangi si ukoga. Ni floridi iliyozidi kwenye maji ya kunywa wakati meno yanaumbwa, juu ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, nayo iko ndani ya jino. Ukiisugua unamaliza jino, rangi inabaki.

Ukitaka kuupanda

Unakubali mchanga, chumvi na jua, hivyo hata pwani unaota. Chukua matunda yaliyoiva, uyavute nyama yote na kuziosha mbegu hadi zisiteleze, kwa maana nyama ile ndiyo inayozuia mbegu isichipue. Zipande zikiwa mbichi kwenye mifuko ya mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, kina cha nusu inchi, unyevu mdogo. Baada ya hapo uvumilivu, maana unakua polepole sana, na mbuzi wa jirani atauona kabla yako, uzungushie miiba.

Ukiona uvivu wa kuosha mbegu, kuna njia ya mzee wangu wa Garissa. Tembea chini ya migunga iliyo karibu na vichaka vya mswaki. Ndege wanakula matunda, wanapanda kwenye mgunga kupumzika, na mbegu zinaanguka pale chini zikiwa zimeshaoshwa tumboni. Ndiyo maana mara nyingi utaukuta mswaki mchanga umeota umejificha katikati ya shina na miiba ya mgunga, mahali ambapo mbuzi hafiki.